Mstari Unaopita Rusumo: Urithi wa Anga Ukitazamwa kutoka Ngara na Biharamulo

Weka rula juu ya ramani, ncha moja Dar es Salaam na ya pili Kigali, kisha chora mstari. Kalamu itapita kaskazini ya Dodoma, itakaribia Singida na Shinyanga, itagusa Biharamulo na kuvuka mto Kagera jirani na Rusumo, wilayani Ngara. Rubani hafuati rula. Ana njia zake za anga, na hali ya hewa humkunjisha kona. Lakini mstari huo unaeleza vizuri kwa nini wilaya hizi mbili, ambazo watu wengi wanazijua kwa malori, ndizi na vibao vya mpakani, zina mahali pake katika historia ya urukaji ya Tanzania.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege aina ya Falcon 50 iliondoka Dar es Salaam ikiwa imewabeba marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Walikuwa wametoka kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za ukanda huu. Ndege hiyo ilitunguliwa ikiwa inakaribia kutua Kigali, na watu wote 12 waliokuwamo wakafa. Rwanda ikaingia katika mauaji ya kimbari, na wiki tatu baadaye, mnamo Aprili 28 na 29, takriban watu robo milioni walioikimbia nchi hiyo walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Kilichoanzia angani kilifika Ngara kwa miguu, na magodoro kichwani.

Huo ndio urithi wa anga unaosomeka kutoka huku. Katika nchi nyingi neno hilo huleta picha ya karakana yenye ndege za zamani zilizong'arishwa, wazee wenye kofia za kirubani na watoto wakipanda ngazi kuchungulia usukani. Tanzania ina urithi mkubwa wa aina nyingine, uliotapakaa. Sehemu iko kwenye hifadhi za picha za Ulaya zilizofunguliwa mtandaoni, sehemu iko kwenye visiwa, makaburi na viwanja vya vumbi, na sehemu kubwa kuliko zote iko vichwani mwa watu waliokuwa chini wakitazama juu. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayopotea haraka, na wilaya kama Ngara na Biharamulo ndizo zenye nafasi ya kuiokoa.

Hata lugha inatoa ushahidi. Kiswahili kilichukua jina la kiumbe mwenye mabawa kikaipa mashine: ndege. Waganda walifanya hivyohivyo na neno lao, ennyonyi. Kwa Warundi na Wanyarwanda, ndege wa mtini alibaki kuwa inyoni, ila mashine ikaitwa indege, neno lililoingia kutoka Kiswahili. Kwa hiyo neno moja lilivuka Kagera na kuacha manyoya yake upande wa Tanzania. Mtu wa Ngara anayezungumza Kiswahili sokoni na kuwasikiliza majirani wa ng'ambo anaishi kwenye mpaka huo wa maneno kila siku.

Hadithi yenyewe inaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walisafirisha ndege nne za majini aina ya Short kutoka pwani ya Atlantiki, kwa meli na kwa reli, hadi ukingo wa ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Mwezi Juni ndege hizo zilivuka ziwa na kuishambulia Kigoma, shabaha kubwa ikiwa ni meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Mwezi huohuo, askari wa jeshi hilohilo la Kongo ya Wabelgiji waliingia Biharamulo na kulichukua boma la Wajerumani. Wajerumani walipoiacha Kigoma mwezi Julai waliizamisha meli yao wenyewe. Ilikuja kuibuliwa, ikapewa jina la Liemba, na ikaendelea kubeba abiria kwa miongo mingi. Anayesoma vita hivyo kwa upande wa Biharamulo huona askari wa miguu tu. Akiunganisha na Kigoma ataona kwamba vita vya anga vilikuwa vimeshafika magharibi mwa nchi, umbali wa wilaya chache.

Mwaka uliofuata Wajerumani walijaribu jambo kubwa zaidi. Tarehe 21 Novemba 1917 puto kubwa la injini, L59, liliondoka Jamboli nchini Bulgaria likiwa na dawa na risasi za kumpelekea kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck kusini mwa Tanganyika. Lilifika juu ya Sudan likaitwa kurudi. Lilikuwa limekaa hewani kwa saa 95 bila kutua. Halikufika Afrika Mashariki, lakini mantiki ya safari yenyewe inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusubiri mzigo Nyakanazi au Nyakahura: pale barabara inapochelewa, watu hutazama juu.

Baada ya vita, Waingereza walitaka njia ya anga kutoka Cairo hadi Cape Town. Mwaka 1920 ndege aina ya Vickers Vimy, iliyodhaminiwa na gazeti la The Times la London, ilianguka Tabora na safari yake ikaishia hapo. Mwaka 1931 mji wa jirani na wilaya zetu ulipata heshima ambayo wakazi wake wengi leo hawaijui. Tarehe 28 Februari mwaka huo kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kila wiki kutoka London, na kituo cha mwisho hakikuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Kilikuwa Mwanza. Ndege zilizotua juu ya maji zilizitumia bandari za ziwa Victoria, na barua iliyotoka Ulaya ilifika Mwanza kwa siku kumi hivi, badala ya majuma kadhaa kwa meli na reli. Hali hiyo haikudumu hata mwaka mzima. Januari 1932 njia ilipopelekwa hadi Cape Town ilipitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa pembeni.

Picha za enzi hizo zinapatikana bila malipo. Maktaba ya chuo kikuu cha ETH mjini Zurich imeweka mtandaoni mkusanyo wa Walter Mittelholzer, rubani na mpigapicha Mswisi aliyeruka kutoka Zurich hadi Cape Town kwa ndege ya majini kati ya Desemba 1926 na Februari 1927, na aliyerudi baadaye kupiga picha za Kilimanjaro kutoka angani. Ni picha za kustaajabisha. Mashamba yamepangwa kama mkeka, mitumbwi imekuwa midogo kama punje, vijiji vimezungukwa na migomba. Zina upungufu uleule karibu zote: maelezo yanataja mahali, tarehe na rubani, lakini wale wanaoonekana wamesimama ufukweni, mikono juu ya nyuso kuzuia jua, hawana majina. Ndege ina nambari ya usajili. Mtu hana.

Pengo hilo haliwezi kujazwa Zurich. Linahitaji mtu anayejua kusoma mandhari: huyu amevaaje, hii nyumba ya msonge ni ya kabila gani, hiki kilima kinaitwaje. Mzee wa Kihangaza au Kishubi, akikalishwa na simu ya mjukuu wake na picha ya anga ya nchi anayoijua, atasoma yasiyoandikwa kwenye maelezo yoyote.

Kuna hazina nyingine, isiyo na mvuto wa haraka lakini yenye faida zaidi kwa wilaya. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni, na katika miaka iliyofuata ndege ziliruka mistari sambamba juu ya Tanganyika zikipiga picha za wima. Kila picha iliingiliana na jirani yake, ili mchoraji aziweke mbili chini ya kioo maalumu na kuona vilima vikinyanyuka kutoka kwenye karatasi. Ramani za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado ziko kwenye makabati ya ofisi za ardhi, zilizaliwa hivyo. Picha za idara hiyo zimehifadhiwa Edinburgh katika mkusanyo wa taifa wa picha za anga. Kwa Ngara na Biharamulo thamani yake ni ya leo: zinaonyesha misitu na malisho yalivyokuwa kabla ya hifadhi, kabla ya kambi za wakimbizi, kabla ya migodi. Mgogoro wa mpaka wa kijiji na pori hubishaniwa kwa kumbukumbu za watu. Picha yenye tarehe ingesaidia pande zote mbili.

Vita vya Kagera vilibadilisha maana ya sauti angani. Uganda ilivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulishika eneo la kaskazini ya mto. Ndege zake zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa. Hatimaye lilibomolewa kwa baruti mnamo Novemba 3. Bukoba ilishambuliwa na watu wengi wakauhama mji. Kwa waliokuwa watoto wakati huo, ndege iliacha kuwa kitu cha kukimbilia nje na kupungia mkono, ikawa kitu cha kukimbilia migombani.

Tukio moja la vita hivyo linastahili kutembelewa kwa miguu. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya mabomu ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Rais Idi Amin wa Uganda, iliishambulia Mwanza. Iliikosa shabaha. Makombora yaliangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa pakifugwa wanyama, yakaua wanyama kadhaa. Habari hiyo imo katika kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey kuhusu vita vya Uganda, kilichochapishwa mwaka 1982. Leo Saanane ni hifadhi ya taifa, dakika chache kwa boti kutoka katikati ya mji. Wageni huonyeshwa pimbi, pundamilia na mawe makubwa ya ziwa. Kibao kimoja kinachoeleza siku ya mashambulizi kingewafanya watazame anga lilelile kwa jicho lingine. Na anayetoka Mwanza au Biharamulo kwenda Bukoba anapitia wilaya ya Muleba, yalipo makaburi ya mashujaa ya Kaboya, walikolala askari wa vita hivyo. Wengi wao walivifikia vita kwa malori na kwa miguu, kisha Aprili 1979 wenzao wakauteka uwanja wa ndege wa Entebbe, siku chache kabla ya Kampala kuanguka.

Inafaa kurudi Ngara, kwa sababu mwaka 1994 una upande wa anga usiozungumzwa sana. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ilichukua jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kituo hapo. Ghafla pakawa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi. Chakula kilikuja kwa malori. Wauguzi, waandishi, wapigapicha na wakubwa wa mashirika walikuja kwa ndege ndogo. Kwa hiyo dunia iliitazama Ngara kutoka juu: mahema ya bluu na moshi wa kuni mpaka upeo wa macho. Ukitafuta Ngara kwenye hifadhi za picha za mashirika ya habari na za Umoja wa Mataifa, miaka hiyo ndiyo inayotawala. Wenyeji waliokatiwa misitu yao, waliouza viazi na ndizi kwa wageni, waliozika na kupokea, wanaonekana kwa nadra.

Kiwanja kidogo cha ndege cha wilaya ni mahali pa kujifunza, kama mtu atasimama na kutazama. Barabara ya kurukia ni ya changarawe au majani yaliyofyekwa. Pembeni yake yamepangwa mawe yaliyopakwa chokaa ili rubani aone ukingo. Kwenye mlingoti umefungwa mfuko mrefu wa kitambaa, wazi pande zote mbili, unaojaa upepo na kuonyesha unakotoka, maana ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Kabla ya ndege kufika lazima mtu afukuze mbuzi. Kazi hiyo haimo katika historia yoyote ya usafiri wa anga, ila hakuna rubani wa vijijini asiyeshukuru aliyeifanya vizuri. Viwanja vya namna hii ndivyo vilivyowatoa wagonjwa mahututi, vikaingiza chanjo, na kuwaleta wahesabu wanyama.

Hao wa mwisho wana historia yao. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizoesha Tanganyika kuhesabu wanyama kutoka angani kwa ndege yao aina ya Dornier iliyochorwa milia ya punda. Michael alifariki Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tai huko Serengeti, na mnara wa kumbukumbu yao uko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Watafiti wa wanyamapori wa Tanzania wanaendelea kuhesabu kwa ndege ndogo hadi leo. Pori la Biharamulo, pamoja na Burigi na Kimisi, liliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Chato yenyewe inaleta sura ya karibuni. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, na John Magufuli aliingia bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Alipokuwa rais, Kampuni ya Ndege Tanzania, iliyozaliwa Machi 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways na ambayo ilikuwa imedhoofika mno, ilinunuliwa ndege mpya: Boeing 787 ya kwanza ilipokelewa Julai 2018, na 787 ya pili ikapewa jina la kisiwa cha Rubondo, kinachoonekana ng'ambo ya maji kutoka Chato. Uwanja wenye barabara ya kurukia ya kilomita tatu ukajengwa hapo. Watanzania wamebishana sana kuhusu mahali pake na gharama yake, na mabishano hayo nayo ni sehemu ya kumbukumbu inayopaswa kutunzwa pamoja na michoro na mikataba. Kwa mkazi wa Biharamulo, uwanja mkubwa wa ndege sasa uko umbali mfupi kwa gari.

Kisha Bukoba. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 kutoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43, na 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Video zilizosambaa siku ile zinaonyesha kitu ambacho hakuna hifadhi ya Ulaya ingeweza kukipiga: mkia umesimama nje ya maji ya kijivu, mitumbwi imeuzunguka, wavuvi wamezama mpaka kifuani, na ufukweni umati umeshika kamba moja nene na kuvuta kwa pamoja huku mvua ikiwanyeshea. Mvuvi kijana Majaliwa Jackson alieleza jinsi alivyotumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Abiria wakatoka. Baadaye akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kwa mara ya kwanza katika historia hii ndefu, picha zilipigwa kutoka chini na watu wa mahali penyewe, na waliosimama ufukweni wakawa na majina. Lakini video za simu ni dhaifu kuliko filamu ya Mittelholzer. Simu inaibwa, akaunti inafungwa, picha inanakiliwa hadi inapoteza tarehe. Kanzidata za kimataifa za ajali zitahifadhi nambari ya usajili 5H-PWF na idadi ya waliokufa. Hazitahifadhi kauli za waliovuta kamba.

Teknolojia ya kufuatilia ndege imewafikia hata wasio na uwanja. Ndege kubwa hutangaza mahali ilipo kwa redio kila baada ya muda mfupi sana, na kipokezi kidogo chenye antena, kilichowekwa juu ya bati, hunasa matangazo hayo kutoka mamia ya kilomita. Mwanafunzi wa Ngara mwenye simu anaweza kuona kwamba alama nyeupe iliyo juu ya kilima ni ndege iliyotoka Kigali kwenda Dar es Salaam, ikiufuata kwa kurudi nyuma mstari ule wa rula. Upande wa pili wa mto, Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa droni tangu 2016, na kituo cha pili kikafunguliwa Kayonza, katika mkoa unaopakana na Ngara. Mwaka 2018 droni ya majaribio ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe. Mambo haya yatakuwa historia kabla watoto wa sasa hawajazeeka.

Anayetaka kuifuata njia hii kwa kutembea anaweza kuanzia Rusumo. Baada ya kuvuka daraja, basi humfikisha Kigali kabla ya siku kuisha. Huko Kanombe, makazi ya zamani ya Habyarimana yamegeuzwa makumbusho ya sanaa, na mabaki ya Falcon ile yako jirani na ukuta, vipande vya bati na injini vilivyopauka, karibu kabisa na nyumba ya mwenyewe. Ni mahali pa kimya. Mtu wa Ngara anayesimama pale ana jambo ambalo mtalii wa mbali hana: anajua ni nani waliofika mlangoni kwake wiki tatu baadaye. Akirudi, Mwanza ina Saanane, Muleba ina Kaboya, Bukoba ina uwanja ulio pembeni ya maji, na Kigoma ina Liemba.

Na Biharamulo ina boma. Jengo la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene nyeupe na ua wa ndani, limewahi kutumika kulaza wageni. Chumba kimoja kingetosha kuanzia. Ukutani zikabandikwa nakala za picha za anga za wilaya, zenye majina ya vilima yaliyoandikwa na wazee wa hapo. Mezani ikawekwa mashine ya kusikilizia sauti: aliyekuwa na miaka 20 wakati Bukoba inashambuliwa sasa anakaribia 70, na aliyekuwa mtoto wa miaka 10 kando ya barabara ya Benaco ana watoto wake sekondari. Walimu wa historia wa Ngara na Biharamulo wangeweza kuwatuma wanafunzi kurekodi kwa simu walizonazo, kwa maswali matatu tu: ulisikia nini kwanza, ulikuwa wapi, ulikimbilia wapi. Kwenye kabati, jiwe lenye chokaa kutoka kwenye kiwanja, kipande cha turubai la bluu, na kasia la mvuvi wa ziwa Victoria, refu, lenye alama za maji, limelazwa karibu na mlango ili watoto waweze kulishika.